Ekari si Hekta

Wasomaji wangu, leo naanza kwa kuungama.

Mwaka jana nilitumwa kuandika habari ya mgogoro wa ardhi katika kijiji kimoja mkoani Morogoro. Hadithi yenyewe ni ile mnayoijua. Wanakijiji wanasema shamba ni lao tangu enzi za babu zao, mwekezaji anasema ana hati, serikali inasema suala linashughulikiwa. Nilikaa chini ya mwembe, nikawasikiliza wazee, nikapiga picha, nikarudi Dar na basi la mwisho. Usiku ule ule nikaandika. Aya ya pili ilisema wanakijiji wanadai kuporwa hekta 400.

Habari ikatoka ukurasa wa tatu, jina langu juu. Nikajiona mtu.

Siku mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa mmoja wa wale wazee wa chini ya mwembe. Tukasalimiana kwa kirefu, maana kule hawana haraka na salamu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sisi tulikuambia ekari mia nne. Hizo hekta umezitoa wapi?"

Nikajitetea kijinga. "Mzee, si kitu kile kile?"

"Si kitu kile kile, mwanangu. Umetuongezea shamba mara mbili na nusu. Na jana yule wakili wao alikuja na gazeti lako kwenye kikao cha wilaya. Anasema, waoneni hawa, barua yao inataja mia nne, gazetini wanadai karibu elfu moja. Anasema sisi ni waongo."

Nikafungua kalkuleta ya simu. Hekta moja ni ekari 2.47. Mara 400, unapata ekari 988. Mzee aliyeishia darasa la nne alikuwa sahihi. Mimi mwenye digrii, niliyesoma kwa mkopo wa serikali, nilikuwa nimewafanya watu wazima waitwe waongo mbele ya mkuu wao wa wilaya.

Gazeti likachapa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Hebu niambie, ni lini mara ya mwisho ulisoma masahihisho?

Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa vipimo. Nilitaka kujua kwa nini katika nchi moja tuna ekari na hekta, maili na kilomita, inchi na milimita, na kwa nini hatuoni ajabu. Haya niliyoyakuta ndiyo nawaletea leo.

Tuanze na ekari yenyewe, maana ndiyo iliyoniponza. Ni kipimo cha Kiingereza. Zamani lilikuwa eneo ambalo jembe la kukokotwa na ng'ombe lingeweza kulilima kwa siku moja. Yaani kilikuwa kipimo cha jasho zaidi kuliko cha ardhi. Baadaye kikafungwa kwenye namba: yadi za mraba 4,840.

Sasa nenda kijijini ukaulize ekari ni nini. Utaambiwa: hatua sabini kwa sabini. Mtu mzima anaanza kwenye mti, anapiga hatua ndefu sabini, anachomeka kijiti, anageuka, anapiga sabini nyingine. Wasomi tunacheka. Mimi nilicheka, halafu nikapiga hesabu. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900. Ekari ya vitabuni ni 4,840. Tofauti ni kama asilimia moja tu! Bila kamba, bila setilaiti.

Lakini sikiliza madalali wa mashamba siku hizi. Wanakuambia ekari ni mita sabini kwa sabini. Umeona kilichotokea? Namba imebaki pale pale, kipimo kimebadilishwa chini yake. Mita ni ndefu kuliko yadi kwa karibu sentimita tisa. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni mita za mraba 4,047. Ziada ni mita za mraba 853, yaani viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini na chenji inabaki. Anayeuza ekari kwa mtindo huo anajipunja. Na siku mpimaji wa serikali akija na mashine yake, aliyekuwa akijua ana ekari kumi ataambiwa ana kumi na mbili, na jirani yake mwenye hatua fupi ataambiwa ana nane. Hapo ndipo maneno ya "wamenikata shamba" yanapoanzia.

Tusidhani haya ni mambo ya Waswahili peke yao. Mita yenyewe ilizaliwa kutokana na ugomvi wa namna hii.

Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, nchi ile haikuwa na kipimo kimoja. Kila eneo lilikuwa na chake, na mara nyingi kabaila ndiye aliyeshika chombo cha kupimia nafaka. Chombo kile kile kingeweza kujazwa mpaka kikafura wakati wa kumpokea mkulima ushuru, na kusawazishwa kwa kijiti wakati wa kumuuzia. Wakulima walipotakiwa mwaka huo wa 1789 waandike malalamiko yao kwa mfalme, suala la vipimo lilijirudia sana.

Unakumbuka nini hapo? Mimi nilikumbuka lumbesa. Gunia la viazi lililoshonewa kofia juu, mkulima wa Njombe analipwa gunia moja, mchuuzi wa Dar anatoa gunia moja na nusu. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda rudi kwamba mzigo upimwe kwa kilo na usizidi kilo 100. Kabaila wa Ufaransa angefika stendi ya malori leo angejisikia nyumbani.

Wanamapinduzi wakaamua kutafuta kipimo kisicho cha mfalme wala cha kabaila, kipimo cha dunia yenyewe. Mwaka 1791 wakakubaliana kwamba mita itakuwa sehemu moja katika milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, wakapewa kazi ya kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona ili umbali huo ukokotolewe. Walianza 1792 wakamaliza 1798, katikati ya vita, wakitiliwa shaka kama majasusi. Mwaka 1799 ufito wa platinamu ukawekwa kwenye hifadhi ya taifa mjini Paris: hii ndiyo mita.

Kumbe walikosea. Umbo la dunia halikuwa kama walivyolikadiria, na ule ufito ulipungua kama milimita 0.2. Ilipokuja kujulikana, hakuna aliyesema turekebishe. Ufito ukabaki kuwa mita, kwa sababu watu walikuwa wameshakubaliana. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikufundishwa shuleni: kipimo hakitoki mbinguni wala ardhini. Kipimo ni makubaliano. Nguvu yake yote ni kwamba wewe na mimi tunajua tunazungumzia kitu kimoja. Na watu hawaachi makubaliano yao kirahisi. Hata Ufaransa kwenyewe, Napoleon alilegeza kamba mwaka 1812 akaruhusu majina ya zamani yarudi, na mita ikashika nchi kwa lazima kuanzia 1840.

Na sisi je? Pwani tulikuwa na makubaliano yetu kabla ya hao wote kuja. Shubiri na mkono kwa urefu. Kibaba kwa nafaka, vibaba vinne pishi moja. Haba na haba hujaza kibaba, siyo kilo. Pembe za ndovu na karafuu za Zanzibar zilipimwa kwa frasila, karibu ratili 35, kama kilo 16 hivi, na frasila hiyo ilieleweka kuvuka Bahari ya Hindi. Mpaka leo, zaka ya Idi el-Fitri inatajwa kwa pishi, kisha sheikh anatafsiri kwa kilo.

Halafu wakaja Wajerumani, ambao nchi yao ilikuwa imeshaingia kwenye mita tangu 1872. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na maili, futi, galoni na ratili zao. Tukapata uhuru, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 serikali za Afrika Mashariki zikaanza kutuhamishia kwenye kilo na mita. Kila aliyepita aliacha vyombo vyake sebuleni. Kibaha kuna mahali panaitwa Maili Moja mpaka leo. Debe tunalopimia mahindi lilikuja kama bati la mafuta ya taa la galoni nne. Wazee waliosoma zamani wanakuambia Kilimanjaro ni futi 19,340, sisi tuliimba mita 5,895, na mlima ni ule ule.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi. Mbao mbili kwa nne, hizo ni inchi. Nondo ya kumi na mbili, hizo ni milimita. Bomba nusu inchi, saruji kilo 50. Kopo la rangi la lita nne tunaliita galoni, wakati galoni ya Kiingereza ni lita 4.5 na ya Marekani ni 3.8, kwa hiyo yetu si ya hawa wala ya wale. Soma ubavuni mwa tairi la gari: 195/65 R15. Hiyo 195 ni milimita, hiyo 15 ni inchi. Tairi moja! Na fundi wangu wa gari anasema spana ya milimita 13 inaingia vizuri kwenye nati ya nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Inaingia, inacheza kidogo, na ukikaza kwa nguvu inakula kona za nati. Karibu sawa ndiyo mbaya kuliko yote.

Utasema hayo ni ya mafundi wa chini ya mti. Basi twende kwa wataalamu wenyewe.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767 mpya kabisa, ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Canada wakati huo ilikuwa katikati ya kuhama kutoka ratili kwenda kilo, na 767 ndizo zilikuwa ndege za kwanza za shirika hilo kuhesabu mafuta kwa kilo. Kifaa cha kuonyesha mafuta kilikuwa kibovu, hivyo mafuta yakapimwa kwa kijiti kwenye tangi na kukokotolewa kwa mkono.

Safari ilihitaji kilo 22,300. Tangini zilikuwepo lita 7,682. Ili kugeuza lita kuwa uzito unahitaji namba ya kuzidishia, na waliyoitumia ni 1.77, ile waliyoizoea. Tatizo ni kwamba 1.77 ni ratili kwa lita. Kilo kwa lita ni kama 0.8. Mahesabu yakasema ongeza lita 4,916, wakati zilihitajika zaidi ya 20,000. Kuzidisha kulikuwa sahihi, na kutoa kulikuwa sahihi. Wakaruka na ratili 22,300 wakiamini ni kilo.

Wakiwa futi 41,000 juu, injini ya kwanza ikazima. Kisha ya pili. Watu 69 ndani ya ndege iliyogeuka tiara. Bahati yao, rubani Robert Pearson alikuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini kama burudani, na msaidizi wake Maurice Quintal aliwahi kuwa kwenye kambi ya jeshi la anga ya Gimli, iliyokuwa imeshafungwa. Wakaielekeza huko. Uwanja ulikuwa umegeuzwa mahali pa mashindano ya magari, na siku hiyo familia zilikuwepo zimejaa. Ndege ikatua, gurudumu la mbele likakunja, pua ikaburuzika kwenye lami, ikasimama. Hakuna aliyekufa.

Miaka 16 baadaye, Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter hakikuwa na bahati hiyo. Programu ya kampuni iliyokitengeneza, Lockheed Martin, ilitoa takwimu za msukumo kwa kipimo cha ratili, na wenzao wa NASA waliokiongoza walizisoma kama za kimetriki. Tofauti ni zaidi ya mara nne. Chombo cha dola milioni 125 kiliifikia Mars kikiwa chini mno, na hakikusikika tena.

Kinachochekesha ni kwamba Marekani ilitia saini Mkataba wa Mita tangu 1875, miongoni mwa nchi 17 za mwanzo. Na tangu makubaliano ya 1959 inchi yenyewe inafafanuliwa kwa mita: milimita 25.4 kamili, si pungufu si zaidi. Anayeshikilia inchi leo anashikilia mita iliyovaa kanzu nyingine.

Mwezi uliopita niliamua kurudi kule kijijini. Kuomba radhi kwa simu ni uoga. Nikapanda SGR kutoka Dar hadi Morogoro, treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na ndani ya behewa lenye kiyoyozi nikaendelea na ugonjwa wangu wa vipimo. Upana wa reli niliyokuwa juu yake ni milimita 1,435. Namba ya ajabu, sivyo? Igeuze: ni futi nne na inchi nane na nusu, kipimo cha reli za Kiingereza za enzi za George Stephenson. Treni yetu ya kisasa kuliko zote inatembea juu ya inchi za karne ya 19.

Geuza upande wa pili uone. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ilijengwa na Waingereza, watu wa futi, lakini upana wake ni mita moja kamili. Kisa ni India. Vifaa na mafundi vilitoka huko, ambako Waingereza walichagua reli ya mita moja miaka ya 1870 wakitarajia India ingehamia kwenye vipimo vya kimetriki. Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyoanza Dar 1905 na kufika Kigoma 1914, nayo mita moja. Kisha wakaja Wachina, watu wa mita, wakajenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, na wakaijenga kwa futi tatu na nusu, milimita 1,067. Hawakukosea. Reli za Zambia na kusini yote zilikuwa na upana huo, na TAZARA ilijengwa ili Zambia ipate njia ya bahari bila kupita kwa makaburu.

Tofauti kati ya TAZARA na Reli ya Kati ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja changu. Kwa kiganja hicho, behewa la upande mmoja haliwezi kuingia upande wa pili. Mwaka 1998 ikabidi pawepo kituo Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka reli hii kwenda ile. Kila mjenzi alikuwa na sababu nzuri. Kila mmoja alichagua kipimo cha yule aliyetaka kuungana naye. Anayelipa gharama ya kupakua na kupakia ni mwenye mzigo.

Nilifika kijijini saa nane mchana. Mzee hakunigombeza, jambo ambalo liliniuma zaidi. Tukala ugali na mlenda, kisha akasema, twende ukaone. Akanipeleka kwenye kona ya shamba lake mwenyewe, akaniambia nipige hatua sabini, naye akahesabu kwa sauti nyuma yangu. Niliposimama, akacheka. Kijiti chake kilikuwa hatua tano mbele yangu.

"Nyie watoto wa mjini mna hatua fupi," akasema. "Ndiyo maana mnakosea."

Nikamwomba radhi palepale, kwa jina langu na kwa kalamu yangu. Akaniuliza kama nitaandika tena. Nikasema nitaandika. Akasema, "Basi andika mia nne, na andika mia nne za nini."

Kesi yao haijaisha. Naendelea kuifuatilia. Kwenye jalada la ndani la daftari langu la kazi nimeandika maneno matatu, na kila ninapopewa namba, iwe na waziri, mkulima au mhandisi, nayasoma kabla sijafunga kalamu: ngapi za nini?

Wanakijiji wanadai ekari 400, sawa na hekta 162. Nimehesabu mara tatu.